Kutembelea Orchard House, Nyumba ya Louisa May Alcott: Mwongozo wa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka huku Massachusetts, simu yangu nayo huamka. Mtu anakuja Boston kwa mkutano, au kumwona mtoto aliye chuoni, na ana siku moja isiyo na kazi. Zamani alisoma Little Women, riwaya ya Louisa May Alcott kuhusu dada wanne, akamlilia Beth, akampenda Jo, na sasa anataka kwenda "nyumbani kwao". Kisha maswali ni yale yale: nitafikaje bila gari? Naweza kuingia tu? Chumba cha Beth ni kipi? Naruhusiwa kupiga picha? Nimechoka kuandika majibu upya kila mara, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Fuata hatua kama zilivyopangwa na siku yako haitaharibika.

Unaenda kuona nini hasa

Orchard House ipo namba 399, Lexington Road, katika mji wa Concord, Massachusetts. Bronson Alcott, baba wa Louisa, aliinunua mwaka 1857 kwa dola 945: nyumba kuukuu, ekari 12 na miti 40 ya matufaha. Familia ikaishi humo kuanzia 1858 hadi 1877. Kabla ya hapo walikuwa wamehama zaidi ya mara 20, maana Bronson alikuwa mwalimu na mwanafalsafa mwenye mawazo mengi na mfuko mtupu. Humu ndimo Louisa alimoandika Little Women mwaka 1868, na nyumba unayoisoma kitabuni ni hii.

Ila matukio ya utotoni hayakutokea humu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wale wasichana walicheza na kugombana na kuigiza michezo yao katika nyumba ya jirani, walipoishi miaka ya 1845 hadi 1848. Louisa alipohamia Orchard House alikuwa mtu mzima wa miaka 25. Na Elizabeth, ndiye Beth, alifariki Machi 1858 akiwa na miaka 22, katika nyumba ya kupanga hapo hapo Concord, wakati mafundi bado wanaikarabati Orchard House. Hakuwahi kulala humu hata usiku mmoja. Kwa hiyo usiende kutafuta chumba cha Beth. Utaona chumba ambamo dada yake alikaa akamrudisha kwa kalamu, na kwangu mimi hicho kina uzito zaidi.

Majina yashike hivi: Meg ni Anna. Jo ni Louisa. Beth ni Elizabeth, nyumbani wakimwita Lizzie. Amy ni May. Zipange upya herufi utaona. Marmee ni mama yao, Abigail. Waongozaji hutumia majina ya kweli na ya kitabuni wakiyachanganya bila kusimama, na ukiwa hujayashika utakuwa unamwuliza jirani yako "Anna ni nani?" katikati ya maelezo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tiketi ya ziara yenye siku na saa, iliyokatwa kwenye tovuti ya jumba lenyewe.
- Viatu vya kutembelea. Kutoka kituo cha treni hadi mlangoni ni kama kilomita mbili na nusu.
- Simu yenye chaji na programu ya mTicket kwa ajili ya tiketi ya treni, na kadi ya benki.
- Koti au sweta, hata kama asubuhi jua linawaka. Hali ya hewa ya New England haina urafiki na mtu.
- Chupa ya maji na kitu cha kutafuna, ila vitumie nje, si ndani.
- Daftari dogo na kalamu. Ndani hakuna kupiga picha, kwa hiyo utakachokumbuka ni ulichoandika. Ongeza kalamu ya pili. Kazi yake utaiona hatua ya tisa.
- Kitabu chenyewe, angalau sura tano za mwanzo, ukizisoma ndani ya treni. Anayekuja na filamu peke yake kichwani hushangaa kwa nini nyumba "haifanani". Nyumba ya filamu ya 2019 ilijengwa kwa ajili ya kupigia picha tu, sehemu nyingine ya Concord. Hii ndiyo yenyewe, na ni ya rangi ya kahawia iliyokolea.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ni Concord ipi.

Usicheke. Kuna Concord ya Massachusetts na kuna Concord ambayo ni makao makuu ya jimbo la New Hampshire, zaidi ya kilomita 100 kutoka Boston. Ndugu yangu mmoja aliandika "Concord" kwenye ramani ya simu, akaifuata sauti ya yule mama wa kwenye simu, na akanipigia akiwa mbele ya jengo la bunge la jimbo akiniuliza nyumba ya Jo iko mtaa gani. Andika anwani nzima: 399 Lexington Road, Concord, MA. Na ukiuliza njia, wenyeji hawasemi "Kon-kodi". Wanatamka kwa haraka, kitu kama "Kóng-kad", mwisho ukimezwa.

2. Kata tiketi ya ziara kabla ya kugusa ratiba ya treni.

Nyumba huonwa kwa ziara ya kuongozwa tu. Huwezi kujizungusha mwenyewe vyumbani, na kila kundi ni dogo kwa sababu vyumba ni vidogo. Wikendi, likizo za shule, na hasa Oktoba watu wanapomiminika kuona majani yakibadilika rangi, nafasi hujaa mapema. Ingia kwenye tovuti yao, angalia saa za siku hiyo na bei ya siku hiyo (huwa zinabadilika), lipia, hifadhi risiti. Majira ya baridi saa za kazi hupungua, na sikukuu kubwa kama Pasaka, Thanksgiving na Krismasi hufungwa.

Tahadhari kwetu sisi tunaohesabu saa za Kiswahili: tiketi ikisema 1:00 PM ni saa saba mchana, si saa moja. Najua unajua. Lakini nimeshapokea wageni wawili waliomtumia mwenzao ujumbe "ziara ni saa moja", na mwenzao akala chakula cha mchana kwa raha zake akidhani ni ya jioni.

3. Panga treni kwa kurudi nyuma kutoka saa ya ziara.

Treni ni ya Fitchburg Line. Inaanzia North Station, Boston, na unaweza pia kuipandia Porter, kituo kinachopitiwa na Red Line ya treni za mjini. Kwa aliyefikia Cambridge, Porter ni karibu zaidi. Ubao wa kituoni mara nyingi huandika Wachusett, ndiyo mwisho wa reli. Usitafute treni iliyoandikwa Concord.

Hesabu hivi. Kutoka North Station hadi Concord weka dakika 40 hivi. Kutembea hadi kwenye nyumba, dakika 35 kwa mwendo wa kawaida. Ongeza nusu saa ya kupotea, kwenda chooni na kutulia. Yaani ziara ya saa saba mchana inakutaka uwe umepanda treni kabla ya saa tano na robo. Wikendi treni ni chache na ukikosa moja unaweza kukaa kituoni zaidi ya saa nzima, kwa hiyo angalia ratiba ya siku yenyewe, na ukiangalia ya kwenda angalia na ya kurudi hapo hapo.

Wenye gari: njia ni Route 2 au 2A. Maegesho ya Orchard House ni madogo, na Oktoba ni madogo zaidi.

4. Shuka Concord. Si West Concord.

Ukitoka Boston, baada ya kituo cha Lincoln kinakuja Concord, halafu West Concord. Waliosinzia huamka wakisikia "Concord" ya pili na kushuka kwa furaha mahali ambapo sipo. Kosa hili hata mimi limewahi kunipata, nikiwa ndiye kiongozi wa msafara. Jambo jingine: si milango yote ya treni hufunguka katika kila kituo. Kondakta akipita kukagua tiketi mwambie unashukia Concord, atakuelekeza behewa la kukaa.

5. Tembea kupitia katikati ya mji.

Toka kituoni uelekee Main Street, ufuate hadi Monument Square. Hapo kwenye Main Street pana Kituo cha Wageni chenye vyoo na ramani za bure. Vitumie vyote viwili. Ukifika uwanjani shika Lexington Road. Baada ya muda barabara inagawanyika: ya kulia ni Cambridge Turnpike, na hapo njia panda pana Concord Museum. Wewe baki kushoto, na Lexington Road. Watu wengi huchukua ya kulia kwa sababu wanaifuata nyumba ya mwandishi Ralph Waldo Emerson, iliyo upande huo karibu na njia panda. Si dhambi kuitazama, maana Emerson alikuwa rafiki aliyeisaidia familia ya Alcott mara kwa mara mambo yalipokuwa magumu, lakini itazame ukirudi.

Endelea na barabara yako. Upande wa kushoto utaona kilima chenye miti na, chini yake, nyumba ya mbao ya kahawia yenye bomba la moshi katikati. Umefika.

6. Fika mapema, uzunguke nje kwanza.

Picha zako zote pigia hapa nje, maana mlangoni simu inaingia mfukoni. Simama upande wa barabara utazame madirisha ya ghorofa ya mbele. Katika kimoja cha vyumba hivyo vya juu ndimo ilimo meza ya Louisa ya kuandikia.

Kisha zunguka pembeni uone jinsi nyumba ilivyo mbili kwa moja. Bronson alichukua kijumba cha mpangaji kilichokuwa kwenye shamba, akakisogeza na kukiunga nyuma ya nyumba kubwa. Louisa hakuwa na mapenzi makubwa na mahali hapa. Aliita Apple Slump, jina la kitindamlo cha matufaha kinachobomoka kwenye sahani. Mwenyeji akikuambia kila kitu humu kilikuwa asali, mkumbushe jina hilo.

Jengo la mbao lililo kilimani jirani na nyumba ni shule ya falsafa ya Bronson, lililojengwa mwaka 1880. Mzee alikuwa na umri wa miaka 80 hivi alipopata hatimaye shule aliyoiota ujana wake wote. Lipite haraka kama falsafa si chai yako.

7. Ndani, vyumba vya chini: sikiliza zaidi ya kutazama.

Begi la mgongoni libebe mbele au liache kama utaambiwa. Usiegemee ukuta, usiguse kiti, usijaribu kinanda. Sehemu kubwa ya vitu unavyoviona vilikuwa vya familia yenyewe, si vya kununuliwa baadaye mnadani ili kujaza nafasi, na ndiyo maana waongozaji ni wakali kidogo.

Jikoni tafuta sinki la jiwe la sabuni, ambalo Louisa aliinunulia familia kwa fedha za kalamu yake. Tafuta pia ubao wa kukatia mkate ambao May aliuchora kwa chuma cha moto uso wa mchoraji Raphael. Aliyesoma kitabu anakumbuka siku Amy alipoingiwa na wazimu wa kuchora kwa chuma cha moto hadi nyumba ikanuka moshi. Ubao ndio ule.

Sebuleni Anna alifunga ndoa na John Pratt tarehe 23 Mei 1860, siku ile ile ya mwezi waliyooana baba na mama yake miaka 30 nyuma. Kwenye kochi utaona mto mrefu wa duara kama soseji. Husimuliwa kuwa ulikuwa ishara ya hali ya Louisa: umesimama, unaweza kumsemesha, umelala, pita kimya. Chumba cha kulia chakula kilikuwa jukwaa, watazamaji wakikaa sebuleni. Ukisimama mlangoni kati ya vyumba hivyo viwili utaona jinsi ilivyowezekana: uwazi ule ni pazia lililo tayari.

Uliza kuhusu kinanda kidogo cha Lizzie. Hilo ndilo swali la kumuulizia Beth katika nyumba hii.

8. Ghorofani: usikimbilie meza.

Ngazi ni nyembamba na zina mwinuko. Waache wa mbele wapande, shika kishikio, panda.

Chumba cha May kina michoro juu ya kuta na mbao za milango. Mama na baba walimruhusu binti yao wa mwisho kuchora popote, na michoro hiyo imehifadhiwa. Watu hupita wakiguna "amejitahidi" na kuendelea. Subiri kidogo. May huyu alikuja kupokelewa katika maonyesho ya Salon ya Paris mwaka 1877, na ndiye aliyempa masomo ya mwanzo Daniel Chester French, kijana wa Concord ambaye baadaye alichonga sanamu ya Lincoln iliyokaa kitini Washington. Amy wa kitabuni anakata tamaa na sanaa. May hakukata.

Halafu chumba cha Louisa. Wengi huingia wakitafuta dawati la mwandishi mkubwa, la mninga, lenye droo. Kilichopo ni ubao wa nusu duara, mweupe, uliopigiliwa ukutani kati ya madirisha mawili yanayotazama barabara. Ni rafu. Bronson ndiye aliyemtengenezea. Weka juu yake kompyuta mpakato na kikombe cha chai, nafasi imekwisha. Wakati ule mwanamke kuwa na meza yake ya kuandikia lilikuwa jambo la kukunja midomo, na baba huyu asiyeweza kulisha familia yake aliweza walau hilo.

Juu ya ubao huo, kuanzia Mei 1868, Louisa aliandika sehemu ya kwanza ya kitabu ndani ya miezi miwili na kitu. Hakukitaka. Mhariri Thomas Niles ndiye aliyemwomba hadithi ya wasichana, naye akakubali kwa sababu nyumbani palihitajika fedha. Kilitoka mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo. Sehemu ya pili aliianza Novemba na kuifunga Mwaka Mpya. Aliandika saa nyingi kwa siku hadi akajifundisha kutumia mkono wa kushoto ili wa kulia upumzike. Kumbuka pia kuwa alikuwa mgonjwa. Mwishoni mwa 1862 alikwenda Washington kuuguza askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapata homa ya matumbo pamoja na nimonia, akapewa dawa yenye zebaki kama ilivyokuwa desturi ya madaktari wa siku hizo, na mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Aliletwa chumba hiki hiki akiweweseka.

Tafuta bundi aliyechorwa na May juu ya mahali pa kuotea moto, na maua aliyomchorea dada yake karibu na meza. Mtu aliyekaa pale kuandika alikuwa amezungukwa na kazi ya mdogo wake kila alipoinua macho. Mwongozaji akikuambia "tuendelee", kuwa wa mwisho kutoka. Sekunde kumi zinatosha. Chumba kinakuwa kimya na unaona ubao bila migongo ya watu.

9. Baada ya ziara: jirani, kisha makaburini.

Toka, geuka kushoto, tembea dakika chache kwenye Lexington Road hadi The Wayside, namba 455. Hii ndiyo nyumba ya utotoni niliyoitaja mwanzo. Wakati ule waliiita Hillside. Mwandishi Nathaniel Hawthorne aliinunua mwaka 1852 na ndiye aliyeibadilisha jina. Leo iko chini ya hifadhi ya taifa ya Minute Man na ndani hufunguliwa kwa msimu tu, lakini hata kuitazama kutoka nje inafaa. Michezo ya kuigiza ya ghalani na safari za mahujaji za kupanda kutoka chini hadi juu ya nyumba, ambazo kitabu kinazihamishia kwa akina March, familia ya kitabuni, zilichezwa huku.

Kisha rudi mjini na kutoka Monument Square ushike Bedford Street hadi makaburi ya Sleepy Hollow. Fuata vibao vya Authors Ridge, panda kilima. Waandishi Alcott, Thoreau, Emerson na Hawthorne wamelala hapo, kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, kama walivyokuwa majirani. Jiwe la Louisa ni dogo mno kwa jina lake. Waliopita mbele yako watakuonyesha, maana huacha kalamu juu yake. Ile kalamu ya pili sasa itoe. Alifariki tarehe 6 Machi 1888, siku mbili baada ya baba yake.

10. Rudi kituoni na dakika 20 mkononi.

Hakikisha unasimama upande wa treni zinazorudi Boston. Kituo ni kidogo, hakuna wa kuuliza usiku, na treni ya upande wa pili itakupeleka Wachusett ukiwa na njaa.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kubana siku. Concord ina daraja la North Bridge palipopiganwa siku ya kwanza ya vita vya uhuru wa Marekani, tarehe 19 Aprili 1775, ina ziwa la Walden la Thoreau, ina nyumba ya kale ya Old Manse. Mtu anataka vyote kwa miguu, siku moja, na mtoto wa miaka minne. Chagua Orchard House na makaburi. Vingine ni siku ya pili.

Kupiga picha kwa siri. Chumba ni kidogo, wewe ni mrefu, simu inang'aa. Utaaibika. Dukani wanauza kadi zenye picha nzuri za vyumba, na fedha inakwenda kuezeka paa.

Kumkatiza mwongozaji kila dakika ili kuthibitisha kuwa umesoma. Weka maswali hadi mwisho wa chumba.

Na kuja na swali la kwa nini Jo hakuolewa na Laurie, kijana wa jirani kitabuni. Jibu liko wazi: Louisa mwenyewe hakuolewa, alitaka Jo naye asiolewe, wasomaji wakamlilia amwoze kwa Laurie, naye kwa ukaidi akampa mume wasiyemtarajia. Sasa umeshajua, uliza kuhusu sinki.

Ukikwama

*Nafasi zimejaa mtandaoni.* Angalia tena usiku wa kuamkia siku hiyo na asubuhi yake, kwani watu hughairi. Au piga simu uulize kama wanapokea wanaokuja bila kukata. Ukikosa kabisa bado nje, The Wayside na makaburi havihitaji tiketi yao.

*Treni imechelewa na ziara inakaribia.* Piga simu jumba lenyewe kabla ya saa ya ziara, si baada. Pakiwa na nafasi katika kundi linalofuata kwa kawaida watu hawa ni waungwana. Kutoka kituoni usitegemee teksi kukungoja mlangoni. Ukihitaji gari la kuita kwa simu liite ukiwa bado ndani ya treni, ukipita Lincoln.

*Nina mtu asiyeweza ngazi.* Waambie wakati wa kukata tiketi. Ghorofani hapafikiki kwa kiti cha magurudumu, ila chini panafikika kwa mpango, na uliza wana njia gani ya kumwonyesha vyumba vya juu.

*Watoto wanachoka.* Wape kazi: mmoja ahesabu michoro ya May, mwingine amtafute bundi. Walio chini ya miaka mitano hawatakushukuru kwa chochote, jipange na mwenzako mpokezane nje.

*Nimekuja Januari.* Njia ya miguu ya Lexington Road huwa na barafu. Vaa viatu vyenye meno. Faida yake ni kwamba makundi huwa madogo sana. Kilimani Sleepy Hollow usipande kama theluji ni mpya, vijia havionekani na kuteleza ni rahisi.

*Kiingereza cha mwongozaji kinanipita.* Kaa mbele, karibu naye, na mwambie mwanzoni apunguze mwendo. Mimi nilifanya hivyo ziara yangu ya kwanza, na mama yule akawa ananigeukia mimi kila alipomaliza sentensi, hadi kundi zima likanijua.

*Kalamu imesahaulika hotelini.* Duka la jumba lina penseli.